Mwalimu, Fundi na Harufu ya Klorini

"Mwalimu, kwa hiyo klorini inatafuta mchumba?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu wa kemia naye akacheka, chaki mkononi. Ubaoni alikuwa ameiandika familia ya halojeni kutoka juu kwenda chini: florini, klorini, bromini, iodini.

"Tuseme hivyo," alimjibu msichana aliyeuliza. "Kila moja imepungukiwa elektroni moja tu. Ndiyo maana huwezi kuiokota mahali ikiwa peke yake. Utaikuta imeshikana na kitu kingine, kama klorini na sodiamu kwenye chumvi mnayokula. Florini ndiyo kali kuliko zote. Ukishuka chini, ukali unapungua."

Alikuwa mwalimu wa maneno mengi, huyu. Wanafunzi walimpenda kwa hilo. Mkewe, aliyekuwa fundi cherehani, angeshangaa kumsikia.

Kengele ilipolia, simu yake ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wa mkewe:

"Mama yako amepiga. Anakuja kesho. Anasema wewe ndiye uliyemwita. Kuna nini?"

Aliandika, akafuta. Akaandika tena, akafuta. Mwisho akatuma neno moja:

"Tutaongea."

Neno hilo alikuwa amelituma mara nyingi tangu mtoto wao azaliwe akiwa hana uhai. Na hawakuwahi kuongea.

Nyumbani, Fundi alilisoma akiwa ameketi mbele ya cherehani, gauni la mteja magotini. Akampigia dada yake.

"Dada, wananirudisha kwetu."

"Nani kakwambia?"

"Mama mkwe anakuja kesho. Kaitwa na mwanawe. Mwanaume anamwita mama yake kwa jambo gani, kama si hilo?"

"Si umuulize mwenyewe?"

"Nimuulize nani? Mtu anaingia, anakula, anasahihisha madaftari, analala. Dada, bora kabati, angalau ukilifungua linapiga kelele."

Dada alicheka, kisha akakikata kicheko. Alikuwa amesikia mwenzake anavuta kamasi.

"Usilie. Safisha nyumba, mama mkwe asikukute na kasoro. Mengine kesho."

Fundi akaanza kusafisha. Alifuta madirisha, akapiga deki sebule, akaingia bafuni. Kulikuwa na doa sakafuni, kubwa kama sahani, lililomshinda siku zote. Alilimwagia dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Halikutoka. Akaona aongeze na asidi ya kusafishia choo, maana mbili zikiungana si zitakuwa na nguvu zaidi? Akapiga magoti, akaanza kusugua.

Mwalimu alipofungua mlango wa mbele, harufu ikampiga puani. Aliijua vizuri. Madaftari yakamponyoka.

"Fundi! Toka huko! Fundi!"

Hakujibiwa. Alisikia kikohozi tu, kikavu, kinachokatika. Alijifunika pua kwa shati, akaingia bafuni, akamkuta mkewe chini, macho yanachuruzika machozi, mikono inatafuta ukuta. Akambeba, akatoka naye mbio hadi nje, akamketisha ukutani penye upepo.

"Vuta pumzi taratibu. Taratibu, mke wangu. Umechanganya nini?"

"Dawa ya nguo... na asidi..."

"Hiyo ni klorini! Gesi ya sumu! Ni nzito kuliko hewa, inakaa chini, na wewe umepiga magoti ndani yake!" "Niambie ukweli. Ulitaka kufa?"

Fundi akamtazama kwa macho mekundu.

"Nilitaka bafu ling'ae."

Jirani mwenye gari aliwafikisha hospitalini. Nesi alimvisha Fundi barakoa ya oksijeni, akamsikiliza kifua, kisha akamgeukia Mwalimu.

"Tumemuwahi, lakini atakaa hapa tumwangalie. Wewe kazi yako nini?"

"Nafundisha kemia."

"Na mkeo hakujua kwamba vitu hivi havichanganywi?"

Kila mwaka Mwalimu aliwaonya wanafunzi wake juu ya mchanganyiko huo, tena kwa mifano. Nyumbani hakuwahi kufungua mdomo.

Nesi alipoondoka, Fundi akashusha barakoa.

"Sema tu. Mama anakuja kunichukua?"

"Kukupeleka wapi?"

"Kunirudisha kwetu. Nimeshindwa kukuzalia."

"Nani kasema?" Mwalimu alisogeza kiti hadi magoti yake yakagusa kitanda. "Nilimwita mama kwa sababu nimeshindwa kukuongelesha. Nilimwambia, mama, njoo uzungumze na mke wangu, mimi kila nikianza naona nitalia mbele yake."

"Na ungelia, ingekuwaje?"

"Niliogopa ungezidi kuumia."

"Mimi nililia peke yangu, Mwalimu. Chumba kile kile, wewe umegeukia ukuta. Nikadhani mwenzangu ameshasahau."

"Sijasahau." Hapo machozi yakamtoka, na hakuyafuta. "Nilimbeba mtoto, unajua? Wewe ulikuwa bado umelala kwa dawa ya usingizi. Nesi alinipa nimshike. Alikuwa na vidole virefu kama vyako."

Fundi akashika mkono wake kwa nguvu.

"Hukuniambia."

"Sikukwambia."

"Niambie sasa. Niambie vyote."

Akamwambia. Nywele zake, paji la uso, uzito wake mikononi. Fundi alisikiliza huku akikohoa na kulia, na kila Mwalimu aliponyamaza, alimtikisa mkono aendelee.

Simu ya Mwalimu ikaita. Alikuwa mama yake.

"Mwanangu, nimeshafunga mzigo. Nije na gari la asubuhi?"

"Usije kwanza, mama. Tunaongea."

Kule upande wa pili mama akasema, "Haya, ongeeni," akakata.

Mwalimu akaiweka simu kando, akamrudishia mkewe barakoa usoni. Kisha akamwuliza swali ambalo hakuwahi kuthubutu:

"Mtoto wetu, ungempa jina gani?"

Fundi aliinua barakoa kidogo, akamtajia jina sikioni. Mwalimu akalirudia kwa sauti, polepole, mara ya kwanza kwa mtu yeyote kumwita mtoto wao kwa jina.