Waliotupwa Nje ya Lango la Bahari

Upepo wa kusini ulikuwa umeanza kuichafua bahari Agatina aliposhuka ngazi za ngome kwenda kufunga lango la nyuma. Jua lilikuwa linazama. Kazi hiyo aliianza miaka miwili nyuma, mumewe alipofia vitani, na sharti lake lilikuwa moja tu: ukishazungusha ufunguo, usifungue tena mpaka kuche. Hata uitwe na nani.

Mzee Nunzio, mlinzi mkuu, ndiye aliyemweleza sababu. Miaka mia sita iliyopita, adui walipouzingira mji huu wa bandari, bwana wa ngome aliona ngano inapungua. Akawatoa vizee, wagonjwa na wanawake wenye vichanga kupitia lango hilo, ili askari wake wapate kula. Adui nao wakakataa kuwapisha. Wakabaki kwenye mwamba mwembamba, ukuta mgongoni, maji miguuni. Siku kumi na tisa waligonga.

"Na bawabu?" Agatina aliuliza.

"Alimsikia mama yake mzazi. Hakufungua."

Hadi leo hugonga. Taratibu, kwa adabu. Binti, tunaomba mkate... Agatina alikwishazoea.

Jioni ile alifunga, akageuka aondoke.

Ngo. Ngo. Ngo.

"Agatina."

Sauti ya Crocifissa, mama mkwe wake. Akasimama. Kumbe wamejifunza hata sauti ya huyu?

"Agatina! Mbele kumefungwa, nimezunguka huku. Nimekuletea supu. Fungua basi, mawimbi yananifika magotini!"

Agatina akarudi langoni.

"Mbwa we! Umemla mwanangu, sasa wataka kunimaliza na mimi? Fungua!"

Hapo nywele zilimsisimka. Wale wa nje hawakuwahi kumtukana. Wao huomba tu. Mjini kote ni mtu mmoja aliyemwita mbwa, kila siku ya Mungu, majirani wakisikia.

Mkono wake ulikuwa juu ya ufunguo.

Akauchomoa.

"Mwanangu..." Sauti ilikuwa imenywea. "Kuna watu huku. Wananishika miguu... Nakuomba, mwanangu..."

Agatina alipanda ngazi polepole. Huko juu aliketi, akala zeituni zake na mkate, mpaka kelele zilipokoma.

Alfajiri, kabla hakujakucha vizuri, Nunzio alifungua lango. Crocifissa alikuwa amelala mwambani, kucha zimeng'oka. Vifundoni mwa miguu mlikuwa na alama za vidole. Vidole vingi, vyembamba. Vingine vya watoto wachanga.

Sufuria ilikuwa kando yake, imefunikwa vizuri. Ndani hamkuwa na tone. Ilikuwa imerambwa mpaka inang'aa.

"Ulimsikia?" Nunzio alinong'ona.

"Si wewe uliyeniambia nisifungue?"

Mzee akainama, akamfumba macho Crocifissa. Kisha wakamnyanyua maiti, huyu kichwani, huyu miguuni, wakampandisha ngazi hadi uani. Lango likabaki wazi nyuma yao, na hakuna aliyekumbuka kurudi kulifunga mpaka jua lilipokuwa juu.

Siku ya tatu baada ya maziko, matanga yalipokwisha, Agatina alirudi kazini, akashuka na ufunguo wake jua likizama. Akatega sikio. Nje kimya. Mawimbi tu. Miaka miwili, na leo ndiyo mara ya kwanza asisikie mtu akigonga. Akacheka kidogo, pumzi zikamshuka.

Ndipo harufu ikamjia. Mwani. Nguo mbichi zilizovunda... Haikutoka nje. Ilitoka ngazini, nyuma yake, na nyayo tupu zilikuwa zikishuka, moja baada ya nyingine.

Nyingi mno.

"Funga tu, mbwa we," Crocifissa alinong'ona karibu kabisa na shingo yake. "Sote tumeshaingia. Na ile supu haikututosha."