Nusu Nauli ya Shangazi Teodora

Kila Jumamosi Kashindye alimsaidia shangazi yake, Teodora, kubeba vitenge kutoka Mkuyuni hadi gatini, ambako shangazi alipanda boti kwenda kuviuza Nansio. Likizo ilipofika wakawa wanasafiri pamoja. Ilikuwa miaka ile boti za watu binafsi zilipoanza kunyang'anyana abiria, na mojawapo ilikuwa imetangaza kuwa wazee waliotimiza miaka sitini watalipa nusu nauli. Nafasi zao, hata hivyo, zilikuwa chache.

Shangazi hakuwa amefika hata hamsini. Jumamosi moja alijifunika khanga hadi kwenye nyusi, akapinda mgongo.

"Ukiulizwa, mimi ni bibi yako," alimwambia Kashindye kwa ukali. "Ukiniumbua, utanitambua!"

Dirishani, Machibya, mkata tiketi, aliwakazia macho. "Huyu nani wako?"

"Bibi," Kashindye alijibu.

Machibya akawapa tiketi ya mwisho ya wazee.

Nyuma yao alisimama Mzee Luhaga, mkongwe aliyetembelea fimbo.

"Za wazee zimekwisha," Machibya alimkaripia. "Lipa nzima, au urudi kesho."

"Nina hii nusu tu, mwanangu. Dada yangu anazikwa leo huko Nansio."

"Kila mtu ana msiba wake. Sogea!"

"Mzee, unatuchelewesha!" watu walifoka. Mmoja alimpiga kikumbo, fimbo ikaanguka.

Kashindye aliiokota. Alipomrudishia mzee, alishindwa kuvumilia.

"Huyu si bibi yangu!" alipaza sauti. "Ni shangazi. Tumedanganya."

Shangazi alimvuta sikio. "Mtoto huna adabu!"

Watu wakawazomea. Machibya aliinyakua tiketi, akampa Mzee Luhaga. Shangazi akalipa nauli nzima huku akitukana.

Ndani ya boti shangazi alimgeuzia kisogo. Kashindye alijikunyata pembeni, akilia. Mzee Luhaga akaketi karibu naye.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Usidhani nitakushukuru," mzee alisema bila kutabasamu. "Ungenyamaza, dada yangu angefukiwa mimi nikiwa nimekaa gatini. Anayechukua haki ya wazee kwa uongo anamwibia mtu, hata kama hamjui."

"Nisamehe, babu."

"Nimekusamehe. Lakini kweli ungeisema ulipoulizwa, ingekugharimu hasira za shangazi yako tu. Umeichelewesha, ukazomewa na gati zima. Kesho iseme mapema."