Zuwena na Kofia ya Harusi

Sogeeni, watoto. Sogeeni kidogo tu, msinipande mapajani! Huyu ni Zuwena. Ana miaka minane, na leo ana kazi kubwa.

Mjomba wake Kombo anaoa leo. Alasiri atakwenda kufunga ndoa. Na kofia yake bado haijaisha!

Kofia ni nyeupe. Uzi ni mweupe. Ina maua, na kila ua lina vitobo vidogo kuliko punje ya mchele. Kila kitobo huzungushiwa uzi kwa sindano.

Bibi ameishona kofia hiyo miezi mitatu. Limebaki ua moja tu. Hilo Zuwena aliliomba mwenyewe.

"Nataka Mjomba avae ua langu," alisema.

Bibi akampa sindano. "Vitobo kumi, kisha tazama mbali," akasema. "Tazama mnara wa simu kule kilimani. Pepesa macho. Ndipo ushone tena."

"Haya, Bibi."

Choma, vuta. Choma, vuta. Uzi ukapita, chwii!

Vitobo kumi vikaisha. Je, Zuwena alitazama mbali? Wapi!

"Mnara naujua," alisema. "Sina muda." Akainama tena.

Choma, vuta. Choma, vuta. Uzi ukapita, chwii!

Uani masufuria yalilia, kwanga! kwanga! Pilau inapikwa. Saa saba ikapita. Saa nane ikapita.

Zuwena akaogopa. Je, akichelewa? Akaisogeza kofia karibu na uso. Karibu zaidi. Sindano nusura imchome pua!

Macho yakaanza kuwasha. Akayafikicha. Yakatoka machozi. Akayafuta kwa mkono.

Kitobo kimoja kikawa viwili. Sindano moja ikawa mbili. Achome kipi? Ashike ipi? Moyo ukamwenda mbio, du, du, du.

"Zuwena!" Bibi akaita kutoka uani.

"Abee, Bibi!"

"Lete kofia, mwanangu! Mjomba wako anavaa!"

Zuwena akachoma kitobo cha mwisho. Akafunga fundo. Akainuka mbio.

Lo! Kofia ikainuka na gauni! Akaivuta. Haitoki. Akaivuta tena. Gauni likaja nayo.

Masikini Zuwena! Alikuwa ameishona kofia kwenye gauni lake mwenyewe.

"Bibi!" akalia. "Nimeiharibu kofia ya Mjomba!"

Bibi akaja mbio. Akafungua kinywa amgombeze. Kisha akayaona macho ya Zuwena. Yalikuwa mekundu kama pilipili.

"Hukutazama mbali," Bibi akasema.

"Sikutazama, Bibi."

"Mimi mikono yangu imejaa samli. Nikiigusa kofia, imekwisha. Utaifumua wewe. Lakini si sasa. Kwanza kaa barazani. Tazama mnara."

"Bibi, Mjomba ataondoka!"

"Tazama mnara, nimesema."

Zuwena akatazama. Mnara haukuonekana vizuri. Ulikuwa ukungu mtupu.

Piii! Gari la kumchukua Mjomba limefika!

Zuwena akataka kuinuka. Bibi akatikisa kichwa. Zuwena akafumba macho. Akahesabu mpaka ishirini. Hesabu ndefu kuliko zote alizowahi kuhesabu!

Akafumbua. Akapepesa macho. Pe, pe, pe. Sasa akauona mnara. Akapepesa tena. Sasa akaona kitu cheusi juu yake.

"Bibi, namwona kunguru!"

"Haya. Sasa kaa mlangoni penye mwanga, ufumue."

Kachu. Kachu. Mkasi ukakata uzi mmoja mmoja. Kachu. Kofia ikabanduka kwenye gauni. Haikuchanika hata kidogo.

Lakini vitobo vitatu vilikuwa havina uzi tena.

"Chukua buibui langu," Bibi akasema. "Liweke mapajani, chini ya kofia."

Buibui lilikuwa jeusi tii. Juu yake kila kitobo kilionekana wazi. Zuwena hakuinamisha hata pua.

Choma, vuta. Choma, vuta. Uzi ukapita, chwii!

Kimoja. Akatazama mbali. Viwili. Akatazama mbali.

Piii! Piii! Mjomba Kombo akatoka ndani. Ana kanzu mpya, na kichwani ana kofia ya zamani.

"Mama, nimechelewa," akamwambia Bibi. "Nitavaa hii hii."

Akaweka mguu mmoja nje.

"Mjomba, ngoja!" Zuwena akapiga kelele. "Kimoja tu!"

Mjomba akasimama. Dereva akapiga honi. Bibi akashika kiuno. Zuwena peke yake hakuharakisha.

Choma. Vuta. Chwii.

"Tayari!"

Mjomba akavua kofia ya zamani. Akavaa mpya. Ilimkaa sawasawa.

"Ua lako ni lipi?" akauliza.

"Lile karibu na sikio."

"Basi nitamgeuzia bibi harusi sikio hilo hilo."

Bibi akapiga vigelegele. Zuwena alifurahi mpaka akaruka.

Kofia ya zamani je? Mjomba akamvisha Zuwena. Ilikuwa kubwa mno! Ikashuka, ikashuka, ikamfunika macho.

Watu wote wakacheka. Gari likaondoka, piii!

Zuwena hakuivua. Ndani ya kofia mlikuwa na giza, tena baridi. Macho yake yalitaka hivyo hasa. Akajilaza kwenye mkeka barazani.

Bibi akamwekea sahani ya pilau na kuifunika. Kisha akawaambia wote uani wasigonge masufuria.