Ufagio Mlangoni

Ijumaa adhuhuri, rafiki yangu Nawras aliingia duka la vitu vya kale katika soko kuu la Aleppo, ingawa ufagio ulikuwa umelazwa mlangoni. Kila mtu sokoni anajua maana yake: mwenyewe yuko msikitini, usivuke. Lakini hasira zilikuwa zimempanda. Mjomba wake alikuwa ameuza humo kinu cha shaba cha marehemu mama yake.

Ndani, gizani, alisikia mtu akitwanga.

"Mzee, acha! Hicho cha mama yangu, si cha watalii!"

Sauti ya kutwanga ikaendelea.

"Huna haya wewe!"

"Unamtukana nani humo, mwehu we? Na ufagio hukuuona?" mwenye duka alifoka nyuma yake, akitoka msikitini.

Akawasha taa. Hapakuwa na mtu. Kinuni mlikuwa na iliki iliyopondwa, na mchi ulikuwa bado wa moto.