Mshale Uliopanda Njiani Kutoka Kebirigo

Gesare aliamka kabla ya jua kuchomoza, kama kila Jumapili. Sabato ya Jumamosi ilikuwa imepita, na majani ya chai hayakumngojea mtu. Kufikia saa tatu, yeye na mama yake walikuwa wameshachuma na kubeba vikapu viwili hadi kituo cha kupimia. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, lakini alirudi nyumbani Sironga akitembea kama ajuza.

Mama yake, Drusilla, alikuwa na pikapu kuukuu aliyowabebea watu ndizi na mbolea. Tangu baba afariki, pikapu hiyo ndiyo iliyowalisha. Kabla ya kila safari Gesare alikuwa na kazi mbili: kuangalia maji ya rejeta, yale yanayoipoza injini, ikiwa bado baridi, na kujaza mtungi wa akiba.

Asubuhi hiyo mjomba wake, Nyamweya, alipiga simu kutoka Kebirigo. Pikapu yake ilikuwa imeharibika gia ikiwa imejaa ndizi, na fundi aliyemwamini alikuwa Sironga. Aliomba Mama aende amvute hadi huko. Mama alichukua mnyororo, akamuuliza Gesare kama ameangalia maji. Gesare alikuwa ameketi kizingitini, miguu ikimwaka moto. Kisima kilikuwa mbali, kule bondeni. Akajibu kwamba ameangalia, na mtungi umejaa.

Waliondoka pamoja, na safari ya kwenda haikuwa na shida, maana gari lilikuwa tupu. Huko Kebirigo walifunga magari mawili kwa mnyororo, mjomba akabaki kwenye usukani wa lake ili alielekeze na kulifunga breki. Ilikuwa Februari, na mvua haikuwa imenyesha kwa wiki nyingi. Lami ilimetameta kwa joto.

"Gari likienda mbio, upepo huipoza injini," Mama alimwambia wakianza kujikokota. "Likivuta mzigo polepole kwenye jua kama hili, upepo haupo na kazi ni kubwa. Mimi nitatazama barabara na mjomba wako. Wewe tazama mshale huu wa joto. Ukipita nusu, niambie."

Mshale ulipita nusu kwenye mlima wa kwanza. Gesare aliuona, akanyamaza. Alijua kwamba akisema, Mama atasimama na kuuliza mtungi uko wapi. Walipofika tambarare mshale ulishuka kidogo, naye akajipa moyo. Kwenye mlima wa pili ulipanda tena, na safari hii haukusita. Harufu ya chuma cha moto ikaingia ndani. Gesare alimtazama mama yake: midomo mikavu, macho mekundu, mikono imeng'ang'ania usukani.

"Mama, mshale unakaribia nyekundu," alisema hatimaye. "Na sikuangalia maji. Mtungi ni mtupu."

Mama alifungulia hita ili itoe joto kwenye injini na kulileta ndani; upepo wa moto ukawapiga usoni. Akatoa mkono dirishani kumwashiria mjomba, akaegesha taratibu mahali palipo sawa, akazima gari. Mjomba akaweka mawe kwenye magurudumu. Boneti ilipofunguliwa, mvuke ulitoka. Gesare alinyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta, Mama akamdaka kifundo cha mkono.

"Usifungue. Maji yanayochemka yatakurukia usoni. Tungoje lipoe."

Kisha alimpa mtungi. Mwanamke aliyekuwa akichuma chai kando ya barabara alimwelekeza kwenye chemchemi, chini kabisa ya mteremko. Gesare alishuka, akajaza, akapanda akipumzika mara tatu.

Walikaa karibu saa nzima kivulini mwa migomba. Injini ilipopoa, Mama alikizungusha kifuniko polepole kwa kitambaa. Rejeta ilimeza karibu mtungi wote. Bila kuambiwa, Gesare alishuka tena kuleta maji ya akiba.

Hawakuondoka mpaka jua lilipolegea. Mama alipanda kwa gia ya kwanza, hita imefunguliwa, madirisha wazi, akipumzisha gari juu ya kila mlima. Gesare hakuondoa macho kwenye mshale. Uliposogea, alisema. Uliposhuka, alisema pia. Waliingia Sironga jioni, magari yote mawili yakiwa salama, wakaliacha la mjomba kwa fundi.

Nyumbani, Mama aliketi kizingitini akavua viatu. Gesare aliketi kando yake, akaomba msamaha.

"Kuchoka si kosa," Mama alisema. "Ungeniambia umechoka, ningeangalia mwenyewe. Uliniambia maji yapo, nami nikaendesha kwa neno lako. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ungenyamaza mlima mmoja zaidi, injini ingeungua, na sisi tungekula nini?"

Gesare alitazama miguu yake yenye vumbi.

"Lakini ulisema," Mama aliendelea, sauti ikiwa chini. "Ulijua nitakasirika, na bado ulisema. Ukweli ukichelewa, bado huokoa kitu. Siku nyingine usiucheleweshe."

Akainuka kwa shida, akamnyooshea binti yake mkono. Gesare akaushika, wakaingia ndani kupika.