Muhuri Nao Huzeeka

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Anifa alifagia uwanja wa nyumba yao huko Chemchem, mjini Tabora. Kazi hiyo haikuwa nyepesi, maana nyumba ile haikukosa watu. Ukifagia hapa, mgeni anavua viatu pale. Siku hizo wageni walizidi, na wote walikuja kuona kitu kimoja: mihuri ya Maua.

Maua, dada yake Anifa, alikuwa amepata nafasi ya kusomea ufugaji wa nyuki huko Uturuki. Mwaka uliopita vyeti vyake vilipelekwa wizarani Dodoma, kisha ubalozini Dar es Salaam, vikahalalishwa. Maana yake, vilipigwa mihuri ili vikubalike nje ya nchi. Kabla hajasafiri, mama yao akaugua sana. Maua akabaki kumwuguza, na chuo kikakubali kumsogezea nafasi hadi mwaka unaofuata. Sasa mama alikuwa amepona, na safari ilikuwa imekaribia.

Aliyehangaikia vyeti hivyo alikuwa Mjomba Mabruki, fundi cherehani wa sokoni. Ndiye aliyekuwa akiwaonyesha wageni.

"Tazameni!" alisema asubuhi moja, akiinua cheti cha kuzaliwa kilichong'aa ndani ya nailoni ngumu. "Nimevipiga laminesheni vyote. Mchwa akijaribu, atang'oka meno."

"Umemaliza kazi, Mabruki," alisema jirani yao, Mama Doto, aliyekuja kuomba moto akasahau moto wenyewe. "Muhuri wa serikali ni kama chanjo. Ukishachanjwa, umechanjwa!"

Anifa akasimamisha ufagio. "Lakini Mama Doto, si chanjo zote. Juzi nesi alikuja shuleni kwetu, akasema ya pepopunda hurudiwa."

Watu walitazamana, kisha wakaangua kicheko. Sabiri, binamu yake aliyemzidi umri kidogo, akapiga saluti.

"Haya, Daktari Pepopunda! Wodi yako iko wapi, tuje kulazwa?"

Anifa aliona haya, akaendelea kufagia. Hata hivyo, swali halikumtoka kichwani. Aliporudi kutoka shuleni alimkuta Maua akianua nguo.

"Dada, ile mihuri hudumu muda gani?"

"Sijui," Maua alijibu kwa sauti ya chini. "Nilitaka kuuliza, lakini Mjomba amehangaika mno. Ataona namdharau."

"Wakivikataa huko je?"

Maua akaacha kukunja nguo. "Nafasi atapewa mwingine. Chuo kimesema hakitanisogezea tena."

Anifa hakungoja chai. Alikwenda moja kwa moja sokoni, akamkuta Mjomba Mabruki ameinamia cherehani.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, Daktari. Leo nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa, Mjomba. Nauliza tu, mihuri ya dada hudumu muda gani?"

Mjomba alicheka mpaka cherehani ikasimama. "Umeona tarehe ya mwisho pale? Vile ni vyeti, si dawa ya kikohozi! Babu zetu walitoka hapa na misafara ya pembe na nta hadi Pwani. Nani aliwauliza muhuri wa lini?"

"Tuwaulize wenyewe wa chuo, Mjomba. Kuuliza hatutozwi."

Mjomba alimtazama. Mtoto alikuwa anatweta, lakini hakuondoa macho.

"Waulizeni," alisema. "Ila wakisema mihuri ni mizuri, utaniletea kahawa hapa, mbele ya mafundi wote. Wakisema ni mibaya, mimi nitakununulia sahani nzima ya kashata."

Jioni ile Maua aliandika ujumbe kwa simu. Majibu yalikuja kesho yake, nyumba ikiwa imejaa kama kawaida. Maua aliyasoma kwanza kimoyomoyo, uso ukabadilika, kisha akawaeleza wenzake kwa Kiswahili.

"Wanasema mihuri yangu ni ya kweli, wala yenyewe haina tarehe ya kuisha. Lakini chuo chao hupokea vyeti vilivyohalalishwa ndani ya miezi sita kabla ya kujiandikisha. Vyangu vimepita mwaka."

Mama yao akaweka kikombe chini.

"Hata cha kuzaliwa?" mama yao aliuliza. "Kwani Maua atazaliwa upya?"

Watu walicheka kidogo, Maua naye akatabasamu. "Mama, wao hawanijui. Cheti cha polisi kinasema sikuwa na kosa siku kilipotolewa. Tangu hapo, wanajuaje? Wanataka kuona nimekaguliwa karibuni. Wapo wengine hutaka miezi mitatu, wengine hawaulizi kabisa. Anayepokea ndiye anayepanga."

Macho yote yakamgeukia Mjomba Mabruki. Alivua kofia, akaipangusa, akaivaa tena.

"Sabiri, lete baiskeli yangu," alisema. "Maua, panda nyuma. Muda bado tunao. Twende polisi sasa hivi."

Kazi ikaanza. Polisi walimpa Maua cheti kipya cha tabia njema. Cheti cha kuzaliwa na cha shule vilileta shida, kwa sababu karani wa ofisi ya serikali alivigusa akauliza, "Muhuri mpya tuupige wapi, juu ya nailoni?" Ikabidi kuomba nakala mpya. Baadaye yeye na Maua walipanda treni hadi Dodoma, kisha wakaenda Dar es Salaam. Walirudi wamechoka, vumbi mpaka kwenye kope, lakini bahasha ilikuwa kifuani mwa Maua.

Siku ya pili Anifa alimwona Mjomba anapita mlangoni na bahasha ile kwapani.

"Mjomba! Unakwenda wapi na vyeti?"

"Sokoni kwa yule kijana wa laminesheni..." Mjomba akasita, kisha akarudi ndani. "Nilikuwa nanyoosha miguu tu."

Maua akasafiri. Siku ya kujiandikisha, watu walijaa uwanjani kama kwenye harusi. Simu ilipolia, Sabiri aliiweka sauti ya juu.

"Nimeandikishwa!" Maua alipaza sauti. "Wamekagua tarehe ya kila muhuri! Msichana mmoja mbele yangu kwenye foleni wamemrudisha kwa sababu mihuri yake ni ya zamani. Anifa yuko wapi? Mwambieni ameniokoa!"

Vigelegele vikapanda hadi barabarani. Mama alimkumbatia Anifa, na Sabiri akapiga saluti tena, safari hii bila mzaha. Mjomba Mabruki akatokea na sahani iliyojaa kashata, akaiweka mikononi mwa mpwa wake.

"Mimi huwasimulia habari za misafara kila siku," alisema, "lakini kipande kimoja nilikisahau. Msafara ulipoingia nchi ya mtemi, mtawala wa mahali, ulitoa hongo. Hongo ya zamani haikuwa rushwa, ilikuwa ushuru wa njia. Na aliyepanga kiasi ni mtemi wa pale wanapoingia, si yule wa nyuma waliyekwisha kumlipa. Kwa hiyo, wanangu, mkienda kwa watu, waulizeni wenyewe wanataka nini, tena mapema. Nasi wakubwa, mtoto akiuliza swali la maana, tusimcheke. Tutafute jibu pamoja naye."

"Mimi nilisema tangu mwanzo!" Mama Doto alidakia, mdomo umejaa kashata. "Muhuri ni kama chanjo!"

"Chanjo gani?" watu wote waliuliza.

"Ya pepopunda!"

Nyumba nzima ikalipuka kwa kicheko, na Anifa akacheka kuliko wote.