Gitaa Moja, Wapigaji Wawili

Kila alasiri Aneth alipotoka shuleni, alivua sare, akawapa kuku maji, kisha akaketi barazani kando ya babu yake. Hapo nyumbani kwao Utemini alimsaidia kukunja na kukunjua vidole vya mkono wa kushoto, vilivyokakamaa tangu babu alipopatwa na kiharusi mwaka uliopita.

Vidole hivyo vilikuwa na sifa zake. Babu Christopher Mughwai alikuwa mpiga gitaa la umeme aliyejulikana Singida nzima. Alizaliwa kijijini Mungaa, akakua akichunga ng'ombe. Siku moja alitumwa chumvi dukani, akasikia redioni bluzi, ule muziki wa majonzi wa Wamarekani weusi. Alisimama pale mpaka akasahau chumvi. Alipokuwa kijana alihamia mjini, akawa fundi redio, na jioni akajifunza gitaa la kuazima. Akapiga katika bendi za Dodoma, Mwanza hata Nairobi. Bluzi zake alizitunga kwa Kiswahili na Kinyaturu, juu ya ukame, mifugo iliyokufa, na akina mama walioficha njaa yao ili watoto wale. Watu walisema gitaa lake linalia kama mtu aliyefiwa.

Siku moja alikuja Deo, kiongozi wa bendi ya vijana aliyefundishwa kazi na babu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Deo. Karibu."

"Mzee, Jumamosi wanamuziki wa mkoa tunakuenzi uwanjani. Watu wanataka kukusikia."

Babu alinyanyua mkono wake wa kushoto kwa kutumia wa kulia. "Kwa mkono huu?"

"Usijali. Tutaweka rekodi zako za zamani kwenye spika. Wewe utashika gitaa tu, kama unapiga."

Aneth alifurahi. "Kubali, Babu! Hakuna atakayegundua."

Babu alitikisa kichwa. "Mkono umenisaliti mimi. Sitaki na mimi niwasaliti watu waliotoka makwao kuja kunisikiliza. Bora nisipige."

Alisema hivyo, lakini macho yake yalilengwalengwa na machozi. Aneth aliona. Usiku ule aliwaza sana. Babu alikuwa amemfundisha gitaa tangu akiwa darasa la pili, na mkono wa kulia wa babu ulikuwa mzima. Asubuhi alimwendea.

"Babu, mimi nikibana nyuzi kwa mkono wangu wa kushoto, wewe ukacharaza kwa wa kulia, haitawezekana?"

Babu alicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Lete gitaa."

Haikuwa rahisi. Aneth alichelewa, babu aliwahi. Nyuzi zilimkata vidole mpaka vikatoka malengelenge. Jioni moja alijificha jikoni kwa bibi yake, Klara.

"Bibi, mwambie Babu naumwa tumbo."

"Unaumwa kweli?"

Aneth aliinamisha kichwa. "Naumwa vidole. Nimechoka."

"Basi mwambie hivyo hivyo," bibi alisema, akiendelea kusonga ugali. "Nilipoolewa, babu yako alikuwa akichovya vidole kwenye maji ya chumvi kila akimaliza mazoezi. Wanaomsifu hawakuyaona hayo. Mimi niliyaona."

Aneth alitoka, akamweleza babu ukweli. Babu hakukasirika. Alimpa mapumziko siku ile, na kesho yake wakaendelea.

Jumamosi uwanja ulijaa. Babu aliketi na gitaa mapajani, Aneth akakaa kushoto kwake. Walianza, na papo hapo Aneth akabana uzi usiotakiwa. Spika zikakwaruza, na vijana wa mbele wakacheka. Aneth aliona aibu. Alitamani kukimbia.

Babu akasimamisha mkono, akasogelea kipaza sauti. "Ndugu zangu, mkono wangu umekufa ganzi. Huyu mjukuu wangu ndiye mkono wangu wa kushoto. Tumekosea. Tunaanza upya."

Uwanja ukatulia. Babu akamnong'oneza Aneth, "Sikiliza mguu wangu." Aliupiga chini taratibu. Aneth akavuta pumzi, akabana. Sauti ikatoka nzito, ikapanda, ikalia. Babu akaanza kuimba bluzi ya akina mama wa mwaka wa njaa. Akina mama wakajifuta machozi kwa khanga, kisha mmoja akapiga vigelegele, na uwanja wote ukasimama.

Walipomaliza, Deo alikuja kumshika babu mkono. "Nisamehe, mzee. Nilitaka kukulinda usiaibike."

"Najua, mwanangu," babu alijibu. Kisha akamgeukia Aneth. "Umeona, mjukuu wangu? Tumekosea mbele ya watu wote, na bado wametupokea. Mtu akijitahidi kwa bidii na asiwafiche watu kasoro zake, wanamheshimu kwa kazi yake mwenyewe. Ukiheshimiwa hivyo, huna siri ya kuogopa kwamba itagundulika."

Aneth aliviangalia vidole vyake vilivyovimba. "Babu, kesho tujifunze wimbo mwingine," alisema.